Majibu Mazuri Hayamlei Mtoto

Wanangu, nina neno la kuwaambia, na kwa kuwa miguu yangu siku hizi hainifikishi mbali zaidi ya baraza, mtanivumilia nikilisema taratibu. Ipo furaha moja ambayo nimeiona mara nyingi hapa mtaani Chemchem, mjini Tabora, furaha ya haki kabisa, na hata hivyo kila nikiiona hucheka nusu, nusu nyingine nikaiweka akiba. Ni siku binti anaporudi kutoka kliniki, mtoto wa mwaka na nusu mgongoni, ziwa amekwisha kuachishwa, na kipimo cha mwisho kimesema mtoto hana virusi vya UKIMWI. Kuku anachinjwa, kama yupo. Bibi mzaa mama anapiga vigelegele, na majirani wanaambiwa ni kwa sababu ya mjomba aliyepata kazi Mwanza. Kisha, kuanzia kesho yake, mtoto yule anasahaulika.

Hasahauliki kwa ubaya. Anakula, analala, anaoshwa jioni. Ila lile jicho lililokuwa juu yake tangu azaliwe linafumba. Mlikuwa mkimpa dawa ya maji katika wiki zile za mwanzo bila kukosa. Mlimpeleka akatolewa tone la damu kisiginoni kati ya wiki ya 4 na ya 6, likakaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa maabara, maana kipimo cha kawaida humdanganya mtu kwa mtoto mchanga: askari wa damu ya mama hubaki ndani ya mtoto mpaka miezi 18, kikapima cha mama kikadhani ni cha mtoto. Mlimpa septrini kila siku. Tarehe za kliniki mlizijua kuliko siku za mnada. Na jibu lilipotoka zuri, mkasema, tumemaliza.

Hamjamaliza. Kipimo kiliulizwa swali moja, kikajibu hilo hilo. Hakikuulizwa kama mtoto anasikia vizuri. Hakikuulizwa anakula nini, wala kama mle ndani yumo mtu anayezungumza naye. Yule mtoto ndiyo kwanza anaanza kazi ya kuwa mtu, na kazi hiyo haina kipimo cha kidole.

Ila kwanza nirudi nyuma kidogo, mjue tumetoka wapi. Mji wetu una desturi ya zamani ya kupokea vya watu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakati huo pakiitwa Kazeh, wakiwa hoi kwa homa, na babu zetu Wanyamwezi walikuwa wameshaichoka njia hiyo kwa kuipita na pembe mabegani. Njia iliyoleta shanga na vitambaa ndiyo iliyoleta ndui. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, nayo haikuuliza abiria wamebeba nini. Basi mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa kule Kagera, sisi tuliokaa kwenye njia panda ya treni tulisema hayo ni mambo ya watu wa ziwani. Wenyewe wa kule waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichopendwa siku zile, na wengine wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Tuliendelea kusema ni wa wengine mpaka tulipoanza kuazimana majeneza.

Mama mjamzito mwenye virusi, siku hizo, alikuwa hana la kufanya ila kungoja. Bila dawa, katika kila watoto 100 wa mama kama huyo, kati ya 15 na 45 huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa ziwa. Mwaka 2000 nchi yetu ilianza kujaribu huduma ya kuzuia maambukizi hayo katika hospitali chache. Mwaka 2013 ikaamuliwa kuwa kila mama mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na virusi aanzishiwe dawa siku hiyo na azimeze maisha yake yote, bila kungoja adhoofike. Dawa zikimezwa sawasawa, wale wanaoambukizwa hushuka chini ya 5 katika 100. Mimi niliyeona miaka ile na hii, nikisikia kijana anasema dawa hizi hazina maana, humwangalia tu. Hakuwapo.

Kwa hiyo sasa tuna kizazi kipya kabisa cha watoto: waliokaa miezi tisa nyumba moja na kirusi na wakatoka hawanacho. Duniani wamepita milioni 15, na wengi mno ni wa Afrika hii yetu kusini mwa Sahara. Shuleni hapo wanakimbia na wenzao, wanaiba maembe na wenzao. Ukiwapanga mstari huwezi kuwachagua, na usijaribu.

Lakini waliowapima kwa makini wameona kitu. Kule Paarl, karibu na Cape Town, watafiti wa Afrika Kusini waliwafuata watoto tangu tumboni, wa mama wenye virusi na wa mama wasio navyo, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba walipofika miaka miwili, wale wa kundi la kwanza, japo hawakuambukizwa, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchelewa katika lugha: kuelewa wanaloambiwa, na kusema wanalotaka. Kwingineko wamekuta mwendo wa mikono na miguu nao uko nyuma kidogo. Nasema kidogo, na mnisikie hapo. Si ulemavu, si akili pungufu. Wengi wao hawana tofauti yoyote ya kuonekana. Ni kundi zima likipimwa pamoja ndipo unaona limeachwa hatua moja au mbili.

Sababu zimesukwa pamoja na hazitenganishwi kwa urahisi. Mwili wa mama unaopigana na virusi huwa na joto la vita ndani yake, na mtoto anaishi ndani ya vita hiyo. Wako wanaozaliwa kabla ya siku zao au na uzito mdogo. Wako ambao mama aliugua, au alianza dawa akiwa amechelewa. Na kuna umaskini, wa nyumba ambazo chungu hakijai. Halafu kuna huzuni. Mwanamke aliyepewa habari ile akiwa na mimba ya miezi minne, akaambiwa asimwambie mtu, akairudisha nyumbani peke yake, huyo anaweza kumwosha mtoto, kumnyonyesha na kumlaza bila kumwambia neno hata moja kutwa nzima. Si kwamba hampendi. Moyo umekauka, basi.

Wala virusi vya UKIMWI si pekee vinavyomfikia mtoto kabla hajaona jua. Zika, kirusi kilichopewa jina la msitu wa jirani zetu Waganda karibu na Entebbe kilikogunduliwa mwaka 1947, kilikaa kimya miaka mingi kisha kikaitikisa Brazil mwaka 2015, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo. Rubela ndiyo mjanja zaidi. Mama hupata vipele na homa ya siku mbili tatu, anasema ni joto, anaendelea kuchota maji. Lakini ikimpata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro, au masikio yasiyosikia. Daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, ndiye aliyeliona hilo mwaka 1941. Sisi chanjo ya surua na rubela tumeipata mwaka 2014, na hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Hapa kwetu Tabora kuna shule ya viziwi tangu mwaka 1963, ya kwanza nchini, na kila nikiwaona watoto wale wakisimuliana kwa mikono, haraka haraka, wakicheka, hujiuliza ni wangapi mama zao walipata vipele vya siku mbili wakavidharau. Hujiuliza pia, na hili ndilo linalonihusu leo, ni wangapi walikaa nyumbani miaka mitatu minne wakiitwa wakaidi kabla mtu hajagundua kuwa hawasikii.

Maana hapo ndipo upuuzi wetu ulipo, wanangu, nami nimeutazama tangu ujana wangu na haujabadilika hata nukta. Mtoto wa miezi 18 hasemi neno. Bibi anasema, baba yake naye alichelewa. Shangazi anasema, watoto wa kiume ndivyo walivyo. Jirani anasema apelekwe akakatwe kimeo, na yuko mtu wa kukata, ana wembe wake na bei yake. Mtoto anakatwa kimeo, anatoka damu, pengine anapata uambukizo uliokuwa haumhusu, na bado hasemi. Baba anasema tungoje. Wanangoja. Anafika miaka minne, wanampeleka hospitali, na kule wanaulizwa swali lile lile linalowaudhi kila siku: mlikuwa wapi?

Walikuwa nyumbani. Siwalaumu, maana kungoja hakuna nauli. Ila maharage hayaivi kwa moto unaowashwa jua likishazama, wageni wamekaa mkekani. Na ubongo wa mtoto huukoka moto wake mapema kuliko tunavyodhani, kwa kuwa akifikisha miaka miwili umekwisha kufikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Yale tunayosema tutamfundisha akishaanza kuelewa, yeye ameshayaanza sisi hatupo.

Sasa kumsaidia mtoto huyu ni nini? Hapa watu hutarajia niwatajie dawa ya dukani, nao huniangalia kwa masikitiko nikisema ni maneno. Serikali yenyewe ina programu yake iliyozinduliwa Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, jina ambalo mzee kama mimi hulisema kwa pumzi mbili, na ndani yake mmetajwa afya, lishe, ulinzi na usalama, kujifunza tangu mwanzo, na malezi yenye mwitikio. Nne tunazifahamu. Hiyo ya tano ndiyo tunayoipita kama hatukuiona. Mwitikio maana yake mtoto akitoa sauti, wewe umjibu. Akinyoosha kidole kwenye kuku, useme, “Eeh, kuku! Kuku anakula pumba.” Akisema “ba-ba-ba” umrudishie “ba-ba-ba”, kisha unyamaze umpe zamu yake. Akili yote iko kwenye huko kunyamaza. Sisi watu wa hapa tumelelewa kuwa mtoto hunyamaza wakubwa wakizungumza, na adabu hiyo ni nzuri kwa mtoto wa miaka minane. Kwa wa miezi minane ni njaa.

Najua mtakachosema. Mtasema, bibi, huyu mdogo hajui kitu, nizungumze naye ili iweje, watu waone nimerukwa? Niwaambie habari ya Jamaica. Katika miaka ya themanini, mjini Kingston, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa mitaa ya kimaskini. Baadhi yao, kwa miaka miwili, walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki na mwanamke mhudumu wa afya, si daktari, si mwalimu, mwanamke wa kawaida aliyefundishwa kazi. Anakaa saa moja, anamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vya kuokota: chupa, kopo na mfuniko wake, vibao, picha zilizochorwa kwa mkono. Anaondoka. Wiki ijayo anarudi. Basi. Miaka 20 baadaye waliwatafuta watoto wale, sasa watu wazima, wakakuta waliochezewa wanapata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Kwa kopo na mfuniko, jamani. Nyumba gani hapa Chemchem haina kopo?

Mna simu, hilo nalijua. Mama amechoka, anataka kuota moto wa mkaa na kukaanga samaki wake kwa amani, anampa mtoto simu na katuni zinazoimba kwa Kiingereza; mtoto ananyamaza, na mama anapata robo saa ya kupumua. Nisingekuwa mzee ningemkemea, ila nilishakuwa mama, najua thamani ya robo saa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba chini ya miaka miwili mtoto asikalishwe mbele ya kioo, na akiwa wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Simu husema vizuri sana, ila haisubiri ajibu. Mpe sufuria na mwiko akae karibu nawe, mbali na jiko. Atapiga kelele, ndiyo. Unapopanga samaki, mwambie huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu hana kichwa, kaliwa na nani? Umeipikia familia na umemfundisha mtoto kwa mkaa ule ule.

Kwenye chakula nitazungumza kidogo tu, maana mnanijua nikianza jikoni sitoki. Miezi 6 ya kwanza ni ziwa peke yake, hata maji hapana. Bibi mkwe atasema maziwa hayamtoshi, ataleta uji mwepesi mtoto ana miezi miwili. Mpokee kwa heshima, unywe wewe. Kwa mama mwenye virusi hili ni zito zaidi, kwa sababu watafiti wa Durban walionyesha tangu mwaka 1999 kwamba mtoto anayechanganyiwa ziwa na vitu vingine huambukizwa zaidi kuliko anayenyonya tu. Na asali. Mnyamwezi kuambiwa mtoto asilambe asali ni sawa na kutukanwa, lakini kabla hajatimiza mwaka asipewe, hata ile ya kupakwa mdomoni siku ya kuzaliwa, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Tutamlipa baadaye, madumu yapo.

Baada ya miezi 6, karanga. Zimbabwe, katika wilaya za Chirumanzu na Shurugwi, waliwapa watoto wa vijijini kiasi kidogo kila siku cha chakula laini kilichotengenezwa kwa karanga na kuongezewa vitamini, na wakazijengea kaya vyoo, sehemu ya kunawia mikono, na mahali safi pa mtoto kuchezea asile mchanga wenye mavi ya kuku. Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi, waliopata vyote viwili, chakula na usafi, walipopimwa wakiwa na miaka miwili walikuwa mbele katika mwendo na katika lugha kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakupata. Sisi karanga tunalima wenyewe. Zitwangwe ziingie kwenye uji mzito, lakini uzichague, zenye ukungu uzitupe, maana sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Yai, dagaa wa Kigoma waliosagwa, embe likiwapo. Matobolwa yetu ya viazi vitamu ni mazuri, mimi mwenyewe siyaachi, ila ni wanga mtupu. Mtoto akishindia matobolwa na chai ameshiba bila kula.

Sasa mama. Nimesema sana mtoto, mtoto, na watu wote husema hivyo hivyo, mpaka mama anakuwa chombo tu cha kumbeba. Mama huyu anameza dawa kila siku, na mara nyingi anazificha: kwenye kopo la unga, ndani ya mto, kwa rafiki. Siku mume akilala nyumbani, hamezi. Akisafiri kwenda mnadani na mawifi, hamezi. Ziwa bado linanyonywa, virusi vinapanda, na yale yote ya miezi iliyopita yanamwagika. Siku majibu ya mtoto yakitoka mazuri ndiyo wengine huacha kabisa, eti kazi imekwisha. Dawa zile, mwanangu, hazikuwa za mtoto tu. Mtoto wa miaka miwili asiye na virusi lakini asiye na mama amepoteza mtu aliyekuwa akimtajia samaki.

Na nyinyi wanaume, msijifanye mnaangalia ng’ombe. Mwende mkapime naye. Mkikutwa tofauti, mmoja anavyo na mwingine hana, hilo lina njia yake na dawa zake, watawaeleza. Mkiwa sawa, kopo la unga litarudi kuwa la unga. Baba anayemrusha mtoto juu jioni na kumwuliza “Nani huyu? Nani huyu?” anafanya kazi kubwa kuliko anavyojua, tena bila gharama ya mafuta ya bodaboda.

Halafu muwe na macho. Wiki ya 6 mpaka ya 8 mtoto hukutabasamia. Akiwa na miezi 9 awe anakaa bila kushikwa. Akifikisha mwaka ageuke akiitwa jina, na vineno vya kwanza viwe vinachungulia. Miezi 18 awe anatembea na ana maneno machache yanayoeleweka hata kama ni na mama yake tu. Miaka 2 aunganishe mawili: mama maji, baba njoo. Wamo wanaochelewa kisha wakafika, na hao ndio wanaotuharibia, kwa kuwa kila mtu humtaja mmoja wao. Asipofika, msingoje wa mfano. Mpelekeni kliniki, ombeni masikio yapimwe kwanza, wembe wa kimeo uachwe kwa wenye ndevu. Na mtoto aliyekuwa akisema akaacha kusema, au alikuwa akitembea akaacha, huyo hapelekwi wiki ijayo.

Nimebakiza moja, nalo ndilo lililonikalisha hapa. Mtaa wetu ni mwema, lakini una ugonjwa wa kutaka kujua. Mtoto akionekana mzito wa kusema, wanawake hukutana bombani: ana nini yule? Mama yake ana nini? Mbona anapitia mlango ule wa kliniki, si huu? Wanataka wajue kwanza, wasaidie baadaye, na huko baadaye sijapata kuona mtu amefika. Mama anasikia, anaacha kupita mlango ule, anahamia kwa dada yake mtaa wa Isevya, mtoto anapoteza kliniki na wachezaji wenzake kwa siku moja. Umbea umemla mtoto ambaye kirusi kilimshindwa.

Na ajabu yake ni kwamba huna haja ya kujua. Yote niliyoyataja, kopo, wimbo, karanga, kungoja ajibu, humfaa mtoto yeyote. Aliyekaa tumboni na kirusi, aliyezaliwa njiti, ambaye mama yake ana huzuni, ambaye hana lolote: mwiko ni ule ule na sufuria ni ile ile. Siri ya mama ibaki ya mama na muuguzi wake. Wewe jirani kazi yako ni ndogo na haihitaji cheti. Wewe unayeuza nyanya pale sokoni, kikisimama mbele yako kitoto kimeshika kanga ya mama yake, kipe nyanya moja mkononi, kiulize, “Hii nini?” Kisha acha wateja wasubiri kidogo, mpaka kijibu.